Lenzi Nyuma Mbele

Jumatatu, 3 Juni

Habari njema na habari mbaya, zote kutoka kwa mtu mmoja. Mkutubi alikuja kupiga picha ya kitambulisho, akaniambia maktaba itatundika picha moja kubwa kwenye ukuta wa chumba cha magazeti. Mada: vidogo tusivyovitazama. Mpiga picha yeyote wa mtaani apeleke yake, yeye atachagua Jumamosi ya wiki ijayo. Hiyo ndiyo njema. Mbaya ni kwamba alikuwa ameshapita kwa Bwana Mng'aro.

Bwana Mng'aro ana studio ng'ambo ya barabara. Ana mlango wa kioo, ana viatu vya kujitazamia, na sasa ana lenzi mpya maalumu ya kupigia vidudu. Anaipakata kama mtoto mchanga. Mimi studio yangu ni nusu chumba. Nusu ya pili ni ya mke wangu, fundi cherehani, na katikati yetu pana pazia.

Lakini ukuta huo nautaka mimi! Siku moja tu baada ya uteuzi, baba mkwe anakuja kukaa nasi. Ni mwalimu mstaafu wa baiolojia, na kila akija mjini asubuhi zake huishia maktaba, akisoma magazeti ya bure. Tangu nimwoe binti yake ananiita "yule wa kubonyeza". Hajawahi kuomba kuona picha yangu hata moja. Nataka safari hii anyanyue macho kwenye gazeti, akutane na kazi yangu ukutani. Sitaki kingine.

Lenzi maalumu sina, wala dalili za kuipata sizioni. Ila nilisoma mahali kwamba lenzi ya kawaida ukiigeuza nyuma mbele, kinachotakiwa kuwa ndani kikawa nje, inakuza vitu ajabu. Nikatoa kabatini lenzi ya kamera ya zamani ya filamu, nikaishikilia kinyumenyume kwenye mdomo wa kamera yangu, nikainamia chembe ya sukari. Mlima! Mlima wa vioo, una kona na mabonde! Nikapiga ukelele. Mke wangu akafungua pazia kwa kishindo akidhani nimekalia pasi.

Jumatano, 5 Juni

Lenzi iliyogeuzwa inahitaji pete ya kuishikiza kwenye kamera. Pete hizo zipo madukani, na si ghali. Mtaa huu anauza mtu mmoja tu, mwenye mlango wa kioo. Bora nife.

Nimejitengenezea. Kifuniko cha plastiki cha kuzibia mdomo wa kamera nimekitoboa katikati. Kisha nikahitaji duara la bati. Bati nililiona kwenye kifuniko cha chupa ya vifungo ya mke wangu. Mkasi niliuona pembeni yake. Nikakata duara safi, nikapaka gundi, nikaunganisha, nikajipongeza kwa sauti.

Sikujua! Nasema kweli sikujua! Kumbe mkasi wa kitambaa haukatiwi hata karatasi, seuze bati. Mke wangu akaujaribu kwenye kipande cha hariri, ukaitafuna. Akaniita "mume wangu". Akishaniita hivyo huwa najua pa kwenda ni nje. Alisema mkasi ule alipewa alipomaliza kujifunza ushonaji, na kwamba fundi huazimisha mswaki wake kabla ya kuazimisha mkasi. Nimeupeleka kwa mnoa visu. Adhabu: nimefumua mishono ya sare za shule alasiri nzima, nimekaa kwenye kigoda, wateja wangu wakiniona.

Ila gundi imeshika. Nimefurahi kimyakimya.

Ijumaa, 7 Juni

Gundi ilikuwa haijashika. Lenzi imeanguka, ikadondokea kapu la vitambaa chakavu. Nimepaka tena, mara hii nikasubiri ikauke kama ilivyoandikwa kwenye kopo.

Mhusika wa leo: nzi mfu wa dirishani. Nimegundua mambo. Kwanza, lenzi hii haioni kitu mpaka uisogeze karibu kabisa, nzi na kioo vikaribie kubusiana. Pili, kuzungusha lenzi hakusaidii. Lazima kamera nzima iende mbele na kurudi nyuma, kidogo, kidogo mno. Nimeyumba mbele ya yule nzi mpaka mteja mmoja akaniuliza kwa upole kama nimekunywa. Tatu, kinachoonekana vizuri ni chembamba kuliko uzi. Picha yangu ya kwanza ilikuwa na unywele mmoja mkali, vingine vyote ukungu. Nilimwambia mke wangu hiyo ni sanaa. Aliuliza unywele wa nani.

Kisha likanijia wazo. Droo ya meza ya kukatia vitambaa! Inateleza vizuri, haina mtikisiko. Nimeweka kamera ndani ya droo, nzi juu ya kopo mbele yake, na droo naisukuma kwa goti. Nikabana kitundu cha mwanga kwa kuzungusha pete iliyo kwenye lenzi ya zamani yenyewe, ukali ukaongezeka, giza nalo likaongezeka. Nikaleta tochi. Mwanga ukawa mkali kupita kiasi, nikaufunika kwa karatasi nyembamba anayochorea mke wangu mitindo. Mke wangu akarudi kutafuta uzi mweusi. Uzi mweusi unakaa kwenye droo. Akautoa taratibu chini ya kamera, akarudi upande wake wa pazia.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeipata! Nimeipata! Niandike polepole nisije nikaharibu.

Nzi wafu hawana maisha, kwa hiyo asubuhi nilitandika uzi mweupe baina ya pini mbili, nikadondosha tone la maji ya sukari katikati. Tone likaning'inia chini ya uzi. Dirisha wazi, pazia wazi, mke wangu kwa nyuma anashona. Nikamwaga na sukari kidogo mezani, kama mwaliko. Haikuchukua muda, akaja sisimizi mmoja. Akapanda pini. Akatembea juu ya uzi kwa madaha, akafika, akainama kunywa. Nikasukuma droo kwa goti. Nikabonyeza.

Nilipoitazama picha nilikaa chini. Vinyweleo vya mguu vinaonekana. Papasi za kichwani zimegusa tone, na tone limebonyea pale zilipogusa! Nimepiga picha za watu waliokunja uso miaka yote, sikujua kamera yangu inaweza kitu hiki. Mke wangu akaja na pini mdomoni, akatazama muda mrefu. Akasema kiumbe huyo amejipangusa uso kabla ya kula. Kweli, mguu mmoja uko shavuni! Nilisikia raha ya ajabu. Mkasi bado hajausamehe, lakini ameniwekea chai.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa. Mkuu wa shule ya wasichana amekuja kupiga picha ya pasipoti. Mama mmoja mnyoofu, hata akikaa utadhani amesimama. Nikarudisha lenzi ya kawaida, nikampiga. Kwenye picha ana baka dogo jeusi kidevuni. Nikaomba radhi, nikampiga tena. Baka liko kwenye paji la uso. Mara ya tatu limekwenda sikioni. Akaniambia kwa ukali kwamba yeye hana baka popote, na hata angekuwa nalo lisingekuwa na tabia ya kutembea.

Nikazima kamera, nikatoa lenzi, nikachungulia ndani. Sisimizi! Yumo ndani ya kamera, anakatiza juu ya kile kioo kinachonasa picha, kajaa tele na maringo yake. Jumamosi kwa furaha niliacha mdomo wa kamera wazi, pembeni ya sukari.

Dawa ninayo kichwani: aliyeingia kwa sukari atatoka kwa sukari. Nimepaka tone la maji ya sukari kwenye ukingo wa mdomo wa kamera, nimeiacha mezani, nimekwenda kula.

Jumanne, 11 Juni

Sasa wamo wengi.

Mke wangu ana kibrashi laini cha kutolea nyuzi kwenye cherehani. Kabla sijafungua mdomo akakificha kifuani. Hakuna aliyebaki ila Bwana Mng'aro, mwenye kipulizio cha mpira na taa ya kuvaa kichwani. Nikaifunga kamera ndani ya mfuko, nikavuka barabara, nikamwambia kuna rafiki yangu mmoja, fundi wa mikoani, amepata tatizo.

Alipuliza. Walitoka mmoja baada ya mwingine, wakashuka kwenye kaunta yake ya kioo, wakapanga mstari. Bwana Mng'aro akaniomba nimpe rafiki yangu pole, kisha akauliza ni nini hasa rafiki yangu anawalisha, maana wamenawiri. Nikasema nitamuuliza. Akafuta kile kioo cha ndani mpaka kikameta, na malipo akakataa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mkuu wa shule amerudi, nikampiga picha safi isiyo na baka. Akasema sasa amejitambua.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nimeokolewa na akili yangu mwenyewe. Nimekwenda kwa mchapaji kuchapa picha kubwa. Akaifungua kwenye kioo chake kipana cha kompyuta, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kwenye kikioo cha kamera hakikuonekana. Ndani ya tone kuna picha nyingine! Mke wangu, amekaa kwenye cherehani, amekamilika, mdogo kuliko kichwa cha pini. Lakini yuko kichwa chini miguu juu! Cherehani iko darini!

Kisha nikaelewa. Lenzi imegeuzwa, kwa hiyo picha nayo imegeuka! Lenzi ikikaa vizuri, picha inakaa vizuri. Lenzi ikikaa kinyume, utarajie nini? Siku zote hizi nimeitazama picha iliyopinduka na kuisifu. Nikamwamuru mchapaji aipindue. Alisita. Alisema sisimizi sasa ananing'inia chini ya uzi na tone limesimama juu yake. Nikamuuliza kati yetu nani aliyeipiga. Nikamwonyesha kwenye tone: mke wangu amekaa sawasawa, cherehani iko chini. Ushahidi gani mwingine anautaka? Akachapa.

Mtu mwingine angepeleka picha kichwa chini na kuaibika. Nimejinunulia fremu nzuri.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeshinda!

Bwana Mng'aro alileta kereng'ende. Nisiwe mchoyo, ni picha nzuri. Kila kishipa cha bawa kinahesabika. Mkutubi akaisifu, akaiweka kando, akasimama mbele ya yangu. Akainamisha kichwa kulia. Akainamisha kushoto. Akasema kuna kitu kwenye picha hii kinamtia kizunguzungu na hajui ni nini, lakini kila akitaka kuondoka miguu inakataa. Akapiga msumari yeye mwenyewe. Jina langu liko chini yake, limeandikwa kwa wino.

Bwana Mng'aro akanipa mkono, akaniuliza nimetumia lenzi gani. Nikamwambia ni ya nje, maalumu, hazitengenezwi tena. Nilipokuwa napiga chuku, begi langu lilikuwa wazi, na ile pete ya bati inachungulia, bado ina maandishi ya chupa ya jemu ambayo mke wangu aliifanya ya vifungo. Akaisoma. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nilingoja anitangaze. Badala yake akaniomba, kwa sauti ya chini, nimwonyeshe siku moja. Nimemwambia nitaangalia nafasi. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili, 16 Juni

Baba mkwe amewasili, na koti lake na miwani yake miwili. Akamkumbatia binti yake, akaniuliza kama bado nabonyeza. Nikasema bado, Mzee. Nimejikaza nisimwambie kitu, nataka akute mwenyewe. Ila wakati wa chakula nilitaja magazeti mara nyingi. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Jumatatu, 17 Juni

Nilitangulia maktaba, nikajificha nyuma ya rafu ya kamusi. Baba mkwe akaingia, akachukua gazeti, akakaa chini ya picha yangu kabisa, mgongo kwa ukuta. Mgongo! Akasoma siasa. Akasoma michezo. Akasoma matangazo ya vifo kwa utulivu wa kutisha. Nikakohoa. Mkutubi akajiwekea kidole mdomoni, ninyamaze. Nikakohoa tena, na baba mkwe akageuka kuona ni mgonjwa gani.

Akaiona.

Akasimama. Akabadili miwani. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikashika rafu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akapanda juu ya kiti, akaitoa picha ukutani! Mkutubi akatoka mbio upande wake, nami upande wangu, tukafika pamoja.

Baba mkwe hakututazama hata kidogo. Alianza kufundisha. Akasema tone la maji ni lenzi, na chochote kilicho nyuma ya tone huonekana ndani yake kimepinduka. Huyu mama hapa amekaa wima, kwa hiyo picha nzima ndiyo iliyotundikwa kichwa chini. Akaigeuza, akaitundika. Sisimizi akasimama juu ya uzi, tone likaning'inia chini, kama lilivyokuwa asubuhi ile. Mkutubi akasema kizunguzungu kimeisha, na kwamba kwa kweli atakikumbuka. Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Lenzi kugeuka hakugeuzi picha! Mchapaji alijua. Bila shaka hata sisimizi alijua.

Baba mkwe alikuwa bado hajashuka kwenye kiti. Alikuwa anatazama ndani ya tone, na shingo ameipinda, maana sasa mama yule alikuwa amepinduka. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba huyu ni binti yake. Alisema anapotunga uzi kwenye sindano huinamisha shingo hivyo hivyo tangu akiwa mdogo, alipokuwa akiwashonea wanasesere nguo chini ya meza yake ya kusahihishia madaftari. Akaniuliza nimefanyaje. Nikamweleza yote: lenzi ya zamani, kifuniko cha jemu, droo, goti. Hakucheka. Akashuka, akamwendea mzee mmoja aliyekuwa anasoma michezo, akamshika mkono, akamleta mpaka ukutani. Akamwambia atazame vizuri, hii ni kazi ya mkwe wake.

Mkwe wake! Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la kamusi. Nimeandika ukurasa huu mara mbili kwa sababu wa kwanza ulilowa.

Jumatano, 19 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Baba mkwe hanibanduki. Tangu juzi hajagusa gazeti. Jana alinifunulia kwamba amefundisha habari za nyigu maisha yake yote kwa kuwachora kwa chaki, na hajawahi kuwatazama usoni. Kuna kiota chini ya paa, nyuma ya nyumba. Akanihakikishia kitaalamu kwamba asubuhi nyigu huwa wamepoa na hawana hamu ya kuruka. Mimi nikamhakikishia kitaalamu kwamba lenzi yangu lazima ikaribie kabisa. Tukatazamana. Mke wangu alikuwa amekwenda kununua vifungo.

Tuliweka meza, juu ya meza kigoda, juu ya kigoda droo. Mimi nilishika kamera, yeye alisukuma droo. Alisukuma kwa shauku ya miaka mingi. Lenzi ikaingia ndani ya kiota.

Nyigu hawakuwa wamepoa.

Mke wangu alitukuta tumekaa kwenye pipa la maji, mimi na baba yake, tumeacha vichwa tu nje. Mkono wangu wa kulia umekuwa mnene, na mdomo wa juu wa baba mkwe umefika karibu na pua. Ametubandika vitambaa vya maji baridi bila huruma. Akauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyejifunza kitu leo. Tukajibu ndiyo kwa pamoja, kama wanafunzi.

Alipotoka, tukaifungua kamera. Ilikuwa imenasa picha moja. Jicho la nyigu, kubwa, lenye vyumba vyumba, lakini ukungu mtupu. Baba mkwe aliitazama kwa masikitiko ya kweli. Akasema, kwa ule mdomo wake, kwamba tukifunga lenzi mbili, zikatazamana uso kwa uso, huenda tukaona zaidi. Hilo sikuwahi kuliwaza! Mtu huyu ana kichwa! Tumekaa jioni nzima tukichora, yeye na penseli, mimi na mkono wangu wa kushoto, tukapitia hatua zote za asubuhi kutafuta tulipokosea. Tumekubaliana kabisa. Kosa letu ni moja tu: tulikuwa mbali mno.